Betri Iliyonipeleka Madhabahuni

Wacheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi, Baba Ndinda wa Katoloni, mtu mzima mwenye mvi, niliwahi kurukaruka mbele ya kanisa zima nikijipiga paja na kupiga kelele kama mtu aliyekalia siafu, na mpaka leo kuna watu hapa Machakos wananiita "Ndugu" kwa sababu ya siku hiyo.

Lazima nianze na betri, maana ndizo zilizoniponza. Nilifanya kazi ya stoo mpaka nikastaafu, na tangu hapo siwezi kuvumilia kitu kiharibike kwa uzembe. Wenzangu huanika betri juu ya mabati eti zipate nguvu za jua (hazipati chochote, zinavuja tu), wengine huziuma kwa meno, na jirani mmoja alinishauri niziweke kwenye friji, nami nikaziweka, zikatoka zimelowa jasho na mke wangu akaniuliza kama nazo ni za kuchemsha au za kukaanga. Zangu sasa hukaa katika kopo la plastiki, kabatini, mahali pakavu pasipofika jua, kila moja imefungwa kwa kipande cha gazeti, mpya kando na zilizotumika kando, na amri kuu ya nyumba ni kwamba betri isilale pamoja na chuma. Hiyo amri niliitunga mimi. Ikumbukeni.

Jambo la pili ni mke wangu, Mwikali. Yeye ni mama wa kanisa kabisa, na kwa muda mrefu ameniombea niokoke. Hakuwa ananisumbua, hapana, maana angenisumbua, angalau ningepata pa kujitetea. Kila Jumapili nilimsindikiza mpaka geti la kanisa, akaniangalia kidogo, nami nikavuka barabara kwenda kucheza drafti kwa kinyozi. Yale macho ya pale getini yalikuwa yananichoma kuliko mahubiri yoyote.

Sasa Jumapili hiyo akaja chumbani akiwa amevaa kitenge chake kizuri.

"Baba Ndinda, si uko na ile betri ya mraba? Maiki ya kanisa inazima-zima na leo tuko na mhubiri mgeni kutoka Matuu. Nipatie niweke kwa mkoba."

"Mkoba gani? Huo uko na funguo, pini na sarafu za silva? Unataka kuiua betri yangu ikiwa mpya?"

"Basi ibebe wewe. Lakini ujue unaingia nayo mpaka ndani."

Ningempa tu ile betri, jamani! Lakini ubishi ni ubishi. Nikavaa suti niliyoshonewa zamani (suruali inabana kila mahali ambapo Mungu aliniongezea), nikatia betri mfukoni ikiwa ndani ya gazeti lake, nikafunga geti la nyumba, nikatia funguo mfuko uleule, na njiani Mwikali akanipa sarafu za sadaka nisije nikamwaibisha, nazo nikazitia humohumo. Bado hakukuwa na shida, kwa sababu gazeti lilikuwa linafanya kazi yake.

Tukaketi kiti cha mbele kabisa. Katikati ya nyimbo maiki ikakwaruza, ikanyamaza, shemasi akanigeukia, nami kwa kiherehere nikaitoa betri, nikalifungua gazeti lake na kuinuka nusu. Maiki ikarudi. Shemasi akaniashiria niketi, nikaketi, nikairudisha betri mfukoni uchi kama ilivyozaliwa, gazeti likabaki mkononi, nikaanza kujipepea nalo. Mtu wa stoo!

Mhubiri alikuwa moto. Mahubiri yakafika mahali pale ambapo kinanda kinapigwa polepole na watu wanafumba macho, nami nikaanza kusikia joto pajani. Nikadhani ni suti. Joto likaongezeka. Mhubiri akashusha sauti akasema, "Kuna mtu hapa ndani, ni mtu mzima, saa hii anasikia kitu kinamchoma. Asipigane nacho."

Nilipigana nacho. Nikaingiza mkono mfukoni, lakini suruali ilivyobana mkono ukakwama humo pamoja na betri, funguo na sarafu, vyote vimegusana na kuchemka, na hapo nikaruka. Nyuma palijaa watu, pembeni palijaa viti, nafasi ilikuwa mbele tu, kwa hivyo nikaenda mbele, mguu mmoja juu, nikijipiga paja.

"Inachoma! Inachoma!"

"Wacha ikuchome, baba!" mhubiri akapaza sauti. "Wacha ikuchome yote!"

Mfuko ukapinduka, funguo na sarafu na betri vikamwagika sakafuni, kanisa likalipuka kwa makofi kwa sababu waliona mtu ameguswa mpaka anatupa mali yake ya dunia. Nikainua kichwa nieleze. Nikamwona Mwikali. Alikuwa amesimama, machozi yanatiririka, anasema, "Ni muvea Ngai, ni muvea Ngai," yaani anamshukuru Mungu, nami nikayaacha maelezo yangu. Nikarudia sala ya toba neno kwa neno huku paja linawaka. Maiki ikafa katikati ya sala, na shemasi akanitazama kwa huruma, akaona aibu kumwuliza mtu anayeokoka habari za betri.

Nyumbani nikachinjiwa yule jogoo aliyekuwa akingojea wageni. Nilikula, na niwaambie ukweli, alikuwa mtamu, lakini kila nikitaka kumweleza Mwikali namsikia anaimba jikoni nikameza maneno pamoja na paja la kuku. Niliona haya sana. Furaha yake yote ilikuwa imesimama juu ya betri.

Jumapili iliyofuata saa ya ukutani ikasimama, nikafungua kopo langu nitoe betri. Juu kabisa nikakuta ile ya mraba, imefungwa gazeti vizuri kabisa, kwa kufuata amri.

"Hiyo ilikufa," Mwikali akasema nyuma yangu. "Niliona utataka kuizika mwenyewe."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Iliteleza mpaka kwa kiatu yangu, na ilikuwa bado moto."

"Na hukusema?"

"Kwani wewe ulisema?" Akacheka mpaka akaketi kitandani. Kisha akapangusa macho. "Baba Ndinda, mimi niliomba uingie ndani na ukae mpaka mwisho. Sikumwambia Mungu atumie nini."

Nilifunga kopo nikaenda kutafuta suti.

Siku hizi naingia naye, na drafti nacheza Jumamosi. Nimeapa sitabeba tena betri na chuma mfuko mmoja, na sihitaji kujikumbusha, maana kila tukifika getini Mwikali hunishikisha sarafu za sadaka, kisha anasimama palepale mbele ya waumini wote, ananiangalia mpaka ahakikishe nimezitia katika mfuko wa shati.