Jumapili ya Ugeni

Agizo lilipotoka kwamba sisi wakimbizi tulioishi mjini turudi kambini, nilikuwa na cherehani mbili mtaani Area 25, Lilongwe, na wateja wa kutosha. Nilirudi kambi ya Dzaleka na cherehani moja, godoro na binti yangu. Nyumba hazikuwapo, tukapewa kona katika ukumbi wa zamani wa matofali, familia nne humo humo, tumetenganishwa na vitenge vilivyotundikwa kwenye kamba. Asubuhi ya kwanza nilipofumbua macho nikaona ukutani rangi ya bluu iliyochujuka, neno "Tunaamini", na chini yake namba tatu zilizobaki. Ndipo nikajua nimelala wapi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mara ya mwisho kukaa sakafu hii, na nilidhani nimeshatoka humu moja kwa moja.

Hapa lilikutana kundi la vijana wa makanisa yote. Wakatoliki, Wapentekoste, Waanglikana na Wasabato, sote tulijazana kila Ijumaa alasiri, na tulimaliza mapema ili Wasabato wafike kwao kabla jua halijazama. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu Mrundi, mpole, mwenye shati jeupe moja ambalo hatukuwahi kuliona limechafuka. Alitufundisha mambo saba tunayoamini, tukiyataja kwa kupokezana mpaka koo zikauke: Mungu ni mmoja, Biblia ni neno lake, Yesu alikufa akafufuka, na kuendelea mpaka la saba, kwamba anayemkiri Yesu mbele ya watu naye atakiriwa mbinguni. Ubatizo haukuwamo. Bikira Maria hakuwamo, wala kunena kwa lugha. Hayo, mwalimu alisema, kila mtu akayaulize kanisani kwake.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mara moja kwa mwezi ilikuwa Jumapili ya ugeni, na kila mtoto alikwenda kusali kwenye kanisa la mwenzake, ila kwa Wasabato tulikwenda jana yake. Sheria yake ilikuwa fupi: keti, imba, kula ukipewa, lakini usipokee kitu cha madhabahuni na usiwekewe mikono. Urudi kwenu ulivyokuja. Bibi yangu, aliyenilea tangu tulipotoka Bukavu, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliniruhusu kwa shingo upande. Aliniamsha mapema nichote maji kisimani, akanipa uji, kisha akanikagua kucha kana kwamba naenda kupeleleza adui.

Ungekuwapo Jumapili hizo, rafiki yangu, ungeziba masikio. Ngoma huku, kinanda cha betri kule, wa Kiswahili, Warundi na Wanyarwanda wote wakiimba kwa wakati mmoja, na harufu ya maharage na sombe ya majani ya muhogo ikipita katikati yao. Siku ninayoikumbuka nilikuwa mgeni wa Wapentekoste. Ibada ilipokwisha walishuka bondeni kwenye kijito, nami nikashuka nao. Kwenye ukingo niliona foleni. Usicheke. Sisi tuliokulia kambini, tukiona foleni tuliingia kwanza, habari ya kinachogawiwa tukaulizia mbele. Nilidhani ni biskuti. Niliposhtuka, shemasi mwenye mabuti ya mpira ameshanishika mabega, mchungaji ananiuliza jina, na mimi, kwa adabu niliyofunzwa, nikalitaja.

Akanizamisha. Sasa nisikilize vizuri. Kambi yetu haina ukuta, lakini kila mtoto alijua mahali inapoishia, na watu wazima walipenda kutukumbusha kwamba zamani palikuwa gereza. Mimi nilikuwa nimevuka mpaka ule mara mbili tu, kwenda sokoni Mponela nikimbebea bibi kapu. Ndani ya maji yale ya baridi niliona kifua kimefunguka. Nilipoinuliwa nililia kwa furaha, na kwa mara ya kwanza maishani nilijisikia nimetoka.

Bibi alilijua jambo lile kwa kuligusa gauni langu. Alikaa chini kwenye mkeka, akasema, "Mi njo nilikupeleka kwa padri, ulikuwa na juma mbili tu. Ile mayi haikukutosha?" Kesho yake kambi nzima ilikuwa na habari. Wazazi Wakatoliki walimwendea mwalimu wakamwambia kundi lake linaiba watoto, na kwamba watawatoa watoto wao wote. Mchungaji naye alikuwa ameshaniandikia cheti. Mwalimu wa watu alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Na yote haya yalitokea wiki mbili kabla ya safari. Vijana wa Area 25 walikuwa wametualika, nami nilichaguliwa kuyataja mambo saba mbele yao. Ili jina la mtoto liingie kwenye kibali cha kutoka kambini, mlezi alitakiwa kutia dole gumba. Nilikuwa sijawahi kuiona Lilongwe. Bibi alinipa sharti lake huku akichambua mboga za lengalenga, bila kuniangalia.

"Utasema mbele ya bantu bote kama haukuamini kitu. Ukisema, natia kidole. Ukikatala, unabakia."

Nilimkimbilia mwalimu. Yeye naye alikuwa amebanwa kama mimi, maana nisiposema, kundi lingevunjika. Aliniambia tu, "Mi siwezi kukuchagulia, mwanangu." Ijumaa ile ukumbi ulijaa wazazi. Nilisimama hapa, karibu na mahali ambapo leo godoro langu liko, nikasema, "Nilifuata foleni tu. Sikuamini kitu." Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Watu walicheka, wazazi wakatulia, bibi akatia kidole.

Basi nikaenda. Dereva alitupitisha kwanza Capital Hill tuone wizara, na nyasi zilizokatwa sawasawa, na makarani wakishuka kwenye magari na mafaili kwapani. Kisha Area 25, kanisa lenye feni, nsima, yaani ugali wa wenyeji, na kuku, na vijana waliotusalimu kwa mikono miwili. Nilitaja la kwanza mpaka la sita bila kujikwaa. La saba halikutoka. Nilisimama nimefumba mdomo, machozi yananitiririka, mpaka wenzangu wakalimalizia kwa sauti moja. Wenyeji walipiga makofi wakidhani nimeguswa na Roho. Jioni tulikuwa tumerudi, kama kibali kilivyosema.

Bibi aliniuliza mji ukoje, nikamwambia ni mzuri. Kundi lilidumu miaka michache tu. Mwalimu alipata nafasi ya kupelekwa Kanada, Wasabato wakajenga ukumbi wao, na Jumapili ya ugeni ikaisha bila mtu kuitangaza. Siku hizi watoto wa humu hawaingii kanisa la wenzao hata kwa bahati mbaya. Bibi amelala makaburini. Miaka yake yote ya mwisho nilimfulia, nikamwogesha, nikamshonea gauni la kuzikiwa, na kila siku nilijiambia kesho nitamwambia. Nilimwogopa. Kisha nilimpenda mno hata nikashindwa kumwambia, na huko pia ni kufungwa.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Niliamini.