Jina Halizikwi

Kila Jumapili ya utoto wake, Judith Malandain alipelekwa makaburini kuweka maua juu ya jina lake mwenyewe.

Jiwe lilikuwa dogo, la kijivu, limeinama kidogo upande wa njia. Mama yake, Florrie, alilisugua kwa brashi ile ile aliyosugulia ngazi za mlangoni, na baba alisimama kando ameshika kofia. Judith alijifunza kusoma pale, kabla hajajua mlango wa shule. Hakuna aliyemweleza kitu, kwa kuwa wakubwa hawakuona la kueleza. Judith wa kwanza alikufa kwa dondakoo akiwa na miaka miwili. Wa pili alipozaliwa akapewa jina lile lile, kama mtoto anavyovishwa koti la dada yake.

Ila koti hilo halikumkaa. Nyumbani, katika vichochoro vya mtaa wa Bethnal Green, mama yake hakumwita Judith hata siku moja. Alimwita Bata. Bata njoo ule, Bata funga mlango, Bata umechafua gauni. Mtoto akajifanyia hesabu yake kimya kimya, akapata jibu lililomkaa moyoni nusu karne: jina lile lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, ameacha kazi ya ukarani, na siku zake za Jumanne alizitumia kwenye chumba cha kumbukumbu za kale, ameinamia mashine ya kusomea filamu za madaftari ya zamani. Jumamosi ya wiki ile Florrie angetimiza miaka tisini, na Judith alikuwa amemwahidi zawadi: ukoo mzima wa Malandain juu ya karatasi moja ndefu, kuanzia wao hadi Isaac, mfumaji wa hariri aliyeikimbia Ufaransa pale mfalme alipowapiga marufuku Wahugenoti, Waprotestanti wa huko, kumwabudu Mungu kwa namna yao. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Sababu nyingine alibaki nayo mwenyewe. Alitaka kuona, huko nyuma kabisa, mahali pake palipokuwa tupu pakimngoja yeye, pasipo mtu aliyepakalia kabla yake.

Na alikuwa karibu kufika. Alianzia kwa babu yake Walter, aliyekuwa na kitanda cha kufumia darini, chini ya dirisha pana kama ukuta, na kanari wake wakiimba juu ya kelele za mbao. Kutoka kwa Walter alipanda kizazi kwa kizazi, wafumaji watupu, hadi kwa Daniel Malandain, mwana wa Isaac. Mwaka 1720 Daniel alitiwa uanagenzini, kujifunza kazi kwa bwana mmoja mfumaji, kwa miaka saba. Mkataba ulisema asicheze kamari, asioe, asishinde vilabuni, asiibe hata uzi wa bwana wake. Ubatizo wa Daniel nao aliuona zamani, katika daftari la kanisa moja la Wafaransa, mwaka 1704. Alikuwa ameuweka kama jiwe la msingi, akajenga juu yake.

Jumanne ile alikwenda kumalizia tu. Alikuwa akitafuta maziko ya Isaac katika daftari la parokia ya Stepney, na mkono wake ukazungusha filamu kupita alipokusudia. Mwandiko wa kahawia ukatulia kwenye kioo. Vuli ya 1705. Daniel, mwana wa Isaac Malandain, mfumaji. Umri, mwaka mmoja na nusu.

Akasoma tena.

"Vipi bibie, umeona mzimu?" aliuliza Wilf Tapscott kutoka mashine ya pili. Wilf alikuwa mpagazi wa bandarini enzi zake, na sasa alimwinda babu yake mmoja aliyepelekwa Australia kwa pingu baada ya kuiba kondoo.

"Daniel wangu amekufa, Wilf."

"Pole sana. Miaka karibu mia tatu sasa, mama. Mazishi umeyakosa."

"Acha utani. Amekufa mtoto mchanga. Maiti haitiwi uanagenzini."

Wilf akaburuta kiti chake, akavaa miwani, akasoma huku midomo ikicheza. Utani ukamtoka usoni. "Hii mbaya," alisema. "Basi huyo mwanagenzi ni wa Isaac mwingine. Hao Wafaransa wako walikuwa akina Isaac watupu, ukirusha jiwe sokoni unampata Isaac. Kata hapo hapo, bibie. Afadhali ukoo mfupi wa kweli kuliko mrefu wa uongo. Mimi nilishampoteza askofu mzima kwa namna hiyo, nikabaki na mwizi wa kondoo."

Alisema kweli, na Judith alijua. Aliikunjua ile karatasi, akaegesha ncha ya penseli juu ya jina la Daniel. Mstari mmoja tu, na Isaac angebaki ng'ambo ya mstari, na bahari, na Ufaransa. Jumamosi angempelekea mama yake mti uliokatwa mizizi.

Hakukata. Mwanga wa mashine ulikuwa wa kijivu, na jina lile katikati yake, na umri mfupi chini ya jina, vilikaa mbele yake kama kitu alichokijua tangu akiwa na soksi fupi. Aliwahi kulisoma hili. Alilisoma kila Jumapili.

Akawaza: tuseme mtu anakuja baada ya miaka mia tatu. Anapita makaburini, analiona lile jiwe lililoinama. Judith Malandain, miaka miwili. Mtu yule anatoa penseli yake, naye ni mkweli, ana bidii, na anasema, basi huyu hakuolewa, hakufanya kazi, hakumzika mume. Huyo mwingine ni wa ukoo mwingine. Anapiga mstari. Na Judith, pamoja na yote aliyoyaishi, anafutika.

Kisha akamwona babu Walter kama alivyomwona utotoni, kwenye kitanda chake cha kufumia. Uzi mmoja wa mtande, zile nyuzi za urefu wa kitambaa, umekatika. Babu hafumui kitambaa. Anachomoa uzi mpya kwenye shada linaloning'inia pembeni, anaufunga kwenye ule uliokatika kwa fundo dogo mno, anaupitisha katika tundu lile lile, anaendelea. Judith, chini ya dirisha, anauliza kwa nini asiuache tu, nyuzi si zipo maelfu? "Nafasi haiachwi wazi," babu anajibu. "Ukiiacha wazi, kitambaa chote kitalia."

"Makanisa ya Wafaransa yalikuwa mangapi pale?" alimuuliza Wilf.

"Kila kona, kama vilabu vya bia. Kwa nini?"

"Nilisoma daftari la moja, nikaona nilichotaka, nikafunga."

Aliomba filamu za makanisa mengine yote. Katika la kwanza hakupata kitu, la pili vivyo hivyo. Katika la tatu, kijikanisa cha mtaa wa nyuma, kiangazi cha mwaka 1706: Daniel, mwana wa Isaac Malandain, mfumaji, na Marthe mkewe. Mama wa ubatizo, Judith Malandain, shangazi wa mtoto.

Mwaka 1720 huyu angekuwa na miaka kumi na minne, umri hasa wa mwanagenzi. Lakini si hesabu iliyomtoa machozi. Alirudisha filamu ya kanisa lile la 1704, akautafuta ubatizo wa Daniel aliyekufa, ambao aliusoma zamani kwa pupa bila kushuka hadi mwisho. Mama wa ubatizo, Judith Malandain. Mwanamke yule yule. Hakujua kuandika, aliweka alama ya msalaba kila mara. Msalaba wa kwanza ulikuwa mwepesi, umepita haraka. Wa pili wino umejaa pale mistari inapokutana, kama mkono uliosita ukakaa hapo. Aliwashika wote wawili. Alilisikia jina moja likitamkwa mara mbili juu ya maji, na mara ya pili alijua lilikotoka, na hata hivyo akajongea mbele na kunyoosha mikono.

Wilf alivua kofia yake, ingawa walikuwa ndani na alikwisha kuambiwa mara nyingi aivue. "Wale watu," alisema polepole. "Hawakuogopa kulirudia?"

"Waliogopa," Judith alisema. "Ona msalaba huu."

Jumamosi aliitandaza karatasi juu ya meza ya mama yake, kati ya keki na bilauri ya bia nyeusi ambayo Florrie alikuwa ameidai tangu asubuhi.

"Miwani yangu iko wapi? Bata, mbona umeandika kama daktari?"

"Umeikalia, mama."

Florrie alifuata mstari kwa kidole kilichopinda, kizazi baada ya kizazi, hadi kidole kikasimama. Daniel. Na pembeni yake, Daniel.

"Walimrudia," alisema.

"Ndiyo."

Florrie akanywa bia, akajifuta mdomo. "Babu yako Walter alinijia nikiwa bado kitandani, wewe una siku moja. Akasema, kwetu jina halizikwi. Mimi sikutaka."

Judith alikaa. "Ulitaka niitwe nani?"

"Pearl."

"Pearl! Pearl Malandain? Kama mcheza dansi wa jukwaani?"

"Basi mshukuru babu yako." Wakacheka wote wawili, na Florrie akacheka hadi kicheko kikageuka kitu kingine. "Nilishindwa kulitamka, mwanangu. Nikifungua kinywa kukuita wewe, moyoni anageuka yule. Nikaona hii si haki kwa mtoto. Nikakutafutia la kwako."

"Bata?"

"Ulikuwa unatembea vibaya mno."

"Mama, miaka yote hii nilidhani unaniita Bata kwa sababu lile jina si langu."

"Mjinga we!" Florrie alimpiga kofi jepesi mkononi. "Judith ni la ukoo, wamelivaa wengi, na wewe umelivaa vizuri tu. Bata ni wewe peke yako. Yule maskini hakuna aliyewahi kumwita hivyo." Akairudia karatasi, kwa wale Daniel wawili, akaigusa kwa ukucha. "Huyu wa pili, mama yake alikuwa akimwitaje nyumbani?"

"Hawakuandika."

"Hapo ndipo walipokosea. Una kalamu?"

Judith alichomoa penseli. Mama yake akamsogezea karatasi, akamwonyesha pa kuandika Bata, chini kabisa, ubavuni mwa jina Judith, akainama karibu kuhakikisha kwamba safari hii mwandiko unasomeka.