Kinu cha Kashata

Mie mtoto wangu akila karanga anaweza kufa. Hilo nimelisema hapa Segerea mpaka mate yamenikauka, na bado watu hunicheka: "Karanga tu, jamani? Unamdekeza huyo!" Aliyenielewa ni mmoja, jirani yetu mwenye duka, mama wa Kiarabu ambaye mwanangu humwita bibi. Kila Ramadhani hutuletea futari, sie Wakristo, na ya mtoto huja kwenye bakuli lake peke yake, haina karanga.

Siku moja ya Ramadhani zilikuja kaimati. Mtoto alikula mbili, akaanza kujikuna shingo. Nikamtazama midomo, inavimba. Akakohoa, sauti ikakwama.

"Mama, koo linabana."

Nilipiga yowe. Bibi alitoka mbio na ufunguo wa gari, adhana bado, hata maji hajanywa. Tukampakia mtoto. Njiani akawa anaapa.

"Wallahi sikutia karanga! Hiliki tu, nimeitwanga mwenyewe."

"Umeitwangia wapi?"

"Kwenye kinu. Lakini nilikiosha, mwanangu, kwa maji ya moto."

Kinu cha mbao alichoachiwa na mama yake, kilekile anachotwangia karanga za kashata za dukani! Ulimi hauna mfupa. "Umeniulia mtoto!" nikamwambia, mtu mzima yule ambaye sijawahi kumpita bila shikamoo. Aliendesha huku machozi yanamtiririka.

Zahanati wakamchoma sindano ya adrenalini pajani. Tulisimama tunamsikiliza kifua kinavyopiga filimbi, mpaka filimbi ikaanza kufifia. Daktari akatueleza kwamba kinga ya mwili wake huiona karanga kama adui, na chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuanzisha vita.

"Mbao hunyonya mafuta," akasema. "Kuosha hakutoshi."

Bibi akakaa chini, palepale sakafuni.

Kesho yake adhana ya magharibi iliita, bakuli halikuja. Wala keshokutwa yake. Mtoto, mzima kabisa sasa, alikaa mlangoni anaangalia geti.

"Mama, bibi kanikasirikia?"

Niliona aibu, jamani. Nikamshika mkono, tukaenda kugonga. Bibi alifungua nusu mlango.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Yameisha, mwanangu. Ila chakula changu asile tena, naogopa."

Nyuma yake uani jiko lilikuwa linawaka. Kinu cha mama yake kilikuwa kimepasuliwa vipande, na vipande vya mwisho vilikuwa vinaungua.