Vifungo vya Mzee Adriano

Felismina alikuwa fundi cherehani, na kijiji kizima kule milimani Trás-os-Montes, Ureno, kilivaa kazi ya mkono wake, kuanzia magauni ya harusi mpaka kanzu ya padri. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na hakumwomba mtu radhi. Lakini kizibao cha baba yake, Mzee Adriano, alikishika kwa adabu. Vifungo vyake vilikuwa sarafu za fedha za enzi za wafalme, zenye sura ya mfalme Dom Luís, ambazo babu alizilehemu vitanzi kwa nyuma. Mzee alikuwa na mazoea ya kuzisugua kwa dole gumba kila akiwaza, hata pua ya mfalme ikalika yote. Vidole vilipomfa ganzi, Felismina ndiye aliyemfunga vifungo hivyo kila Jumapili. Mzee aliomba jambo moja tu: azikwe navyo.

Siku ya mazishi Felismina aliinama juu ya jeneza ambusu baba yake. Mkono ukagusa kifungo, ukasita.

“Huyu mfalme ana pua!”

Waombolezaji walidhani msiba umemvuruga akili. Yeye akamgeukia kaka yake, Gaudêncio, aliyetoka Porto juzi na kujitolea kumvisha marehemu.

“Viko wapi, Gaudêncio?”

“Dada, punguza sauti. Watu wanasikia.”

“Wasikie! Umemvua baba vifungo vyake ukambandika takataka za gulioni?”

“Fedha safi ile, iliwe na udongo? Marehemu anajua nini?”

“Alijua kukulea, mshenzi wewe!”

Hasira ilimpanda Felismina. Wizi ulimuuma, ila kilichomchoma zaidi ni kwamba mtoto wa kiume wa Mzee Adriano hakuwahi hata kuitazama ile sura isiyo na pua. Padri akakohoa, akasema kaburi linangoja.

“Lingoje. Baba hatoki hivi.”

Akamnyooshea kaka yake kiganja, watu wote wakimkodolea macho Gaudêncio, mpaka akatoa leso mfukoni. Sarafu zilikuwamo. Felismina akavikata vifungo vya bandia, akashona vya kweli palepale, machozi yakidondokea kizibao na kengele ya kanisa ikilia bure. Kisha akamfunga baba yake vifungo vyote, kama Jumapili.

Walipotoka makaburini, Gaudêncio alimfuata, amenywea.

“Dada, si ungeniachia japo kimoja, cha kumkumbuka baba?”

Felismina akamtilia kiganjani kifungo cha gulioni, kinang'aa.

“Chukua. Huyu naye hamjui baba. Mtaelewana.”