Asubuhi Iliyoandikwa Msiba

Mama anaishi peke yake mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la jirani yetu. Jirani huyo, mzee wa asili ya Kihindi, namwita Ami tangu utotoni. Kiswahili chake ni cha Mji wa Kale kabisa, lakini kwenye simu huandika Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichofundishwa kuandika shuleni.

Jioni moja mwaka jana, nikitoka kazini Makupa, nilikuta ujumbe wake: "Mother fell. Doctor has seen her. No need to rush now. Come in mourning."

Mama ameanguka. Daktari amemwona. Hakuna haja ya haraka sasa. Njoo na nguo za msiba.

Nikampigia Ami, hapatikani. Nikampigia Mama, simu ikalia mpaka ikakatika. Nilisimamisha tuktuk, na dereva aliponiuliza naenda wapi, nikamwonyesha njia kwa mkono. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: nani atamwosha?

Chini ya ngazi za Mama palijaa viatu vya kike. Juu kimya, hata kilio hakuna. Kimya kile kilinitisha zaidi. Nikapanda nimeshika ukuta, na katikati nikakutana na Ami akishuka na chupa ya chai.

"Mbona waja saa hizi? Si nimekwambia asubuhi?"

"Amefariki saa ngapi, Ami?"

"Nani amefariki?"

Nikamwonyesha simu. Alivaa miwani, akasoma, asione kosa. Kwake "morning" ya asubuhi na "mourning" lilikuwa neno moja, maana hutamkwa sawasawa. Nilipomweleza kwamba neno alilonitumia ni la maombolezo, aliketi palepale kwenye ngazi.

"Astaghfirullah, mwanangu. Astaghfirullah."

Mama alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta, majirani wamemzunguka. Simu yake ilikuwa jikoni. Aliponiona nalia alikasirika.

"Ni mkono tu huu! Wanililiani?"

Majirani walipoondoka nililala ubavuni pake. Alipopitiwa na usingizi akanyamaza ghafla, nikaweka kiganja kifuani pake mpaka nikakisikia kikipanda na kushuka.