Barua za Fundi kwa Bi Cheche

Shangazi hakuwahi kuacha kuijibu redio. Mtangazaji akisema, "Habari za asubuhi, wasikilizaji, popote mlipo," yeye, ameinamia meza ya kazi na bisibisi mdomoni, alijibu, "Njema, baba, za kwako?" Mtangazaji akitangaza mvua kubwa, shangazi aliuliza, "Saa ngapi?" akasubiri jibu kwa uungwana, kisha akaguna kama mtu aliyenyimwa. Hakuwa na kichaa. Alisema tu kwamba mtu akizungumza chumbani mwako ukamnyamazia, hujalelewa vizuri, awe anaonekana au haonekani.

Na chumba chake kilijaa wazungumzaji. Shangazi alikuwa fundi wa redio. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, katikati ya kinyozi na fundi cherehani, chenye rafu tatu za redio zinazosubiri zamu. Kila moja ilifungwa karatasi kwa mwandiko wake: "Ya mwalimu mkuu. Haisemi mpaka ipigwe kofi." "Ya mama wa mkaa. Inakoroma." "Ya bwana harusi. Imeanguka, asema yeye. Imetupwa, nasema mimi." Siku ya kufunguliwa, mwenye redio ilibidi awepo. Alipewa kigoda, akakabidhiwa tochi, akamulika mwenyewe tumbo la redio yake, asije kesho akadai amebadilishiwa spika. Hiyo ilikuwa sheria, na hata mwalimu mkuu aliwahi kumulika mpaka mkono ukafa ganzi.

Upande wa pili wa meza alikaa binti wa kaka yake, wa miaka kumi na sita, aliyekuja kuishi naye kwa ajili ya shule. Shangazi alimwita Fyuzi, kwa kuwa alikuwa mwepesi kukatika. Mkono wa Fyuzi ulikuwa mtulivu kuliko moyo wake. Aliweza kulehemu waya mwembamba kama unywele bila kutetemeka, halafu akalia kwa sababu mtu amesema viatu vyake vimepinda. Shuleni alichagua somo la umeme. Walikuwa wanafunzi thelathini na wanne, wasichana wawili, na mwenzake alihama muhula wa kwanza.

Halafu akaja Bi Cheche.

Alikuja kwa njia ya redio, kila Jumamosi saa kumi alasiri, katika mchezo wa kuchekesha wa nusu saa. Bi Cheche alikuwa mke wa mtu, mwenye sauti nyembamba kama birika linalochemka, na kila alichokigusa kilikufa. Akiwasha pasi, taa za mtaa mzima zinazimika. Akibadili balbu, nyumba inaungua. Kisha ukelele wake, ambao hata watoto wadogo waliujua: "Uwiii, mume wangu, inatoa moshi!" Hapo mume anaingia, anashusha pumzi, anabonyeza swichi moja tu, na dunia inarudi mahali pake.

Watu walimpenda. Fyuzi mwenyewe alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya nne aliingia mteja mmoja, bwana mnene mwenye redio kwapani, akatazama huku na huku.

"Fundi yupo?"

"Ndiye mimi," shangazi alisema.

"Namaanisha yule anayetengeneza."

"Ndiye mimi, karibu."

"Sawa, dada. Basi nitamsubiri."

Akakaa kigodani kumsubiri. Shangazi akachukua redio, akampa tochi, na bwana akamulika huku macho yake yakiwa mlangoni. Baada ya saa nzima redio ilikuwa inaimba. Bwana akaichukua, akashukuru sana, akasema, "Msalimie fundi akirudi."

"Zimefika," shangazi alisema.

Alipoondoka, shangazi alicheka mpaka akavua miwani. Fyuzi hakucheka. Darasani walikuwa wameanza kumwita Cheche. Akishika koleo, mtu wa nyuma anapiga ukelele, "Inatoa moshi!" na darasa zima linalala chini ya madawati kujikinga na mlipuko. Mwalimu aliwakemea, lakini aliwakemea huku anatabasamu, na Fyuzi aliliona tabasamu lile kila alipofumba macho.

Shangazi akaamua kumjibu Bi Cheche kama alivyowajibu wengine wote. Kwa kuwa huyu alionekana hasikii, alimwandikia.

"Kwa Bi Cheche, kupitia kituo cha redio. Salaam. Jumamosi iliyopita ulifunga waya wa pasi kwenye redio na redio ikalipuka. Nimejaribu jambo hilo kwa redio tatu zilizokwishakufa. Hazikulipuka. Moja ilinuka. Tafadhali rekebisha. Ni mimi, fundi wa redio, mwanamke, miaka ishirini na miwili kazini, vidole vyote kumi vipo."

Mtangazaji aliisoma hewani, kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka. "Asante," shangazi alimwambia. "Umesoma vizuri, ila umeruka koma."

Wiki iliyofuata akaandika tena. "Ulibadilisha balbu na nyumba ikaungua. Nimebadilisha balbu kumi na moja kwa ajili ya uchunguzi, nne zikiwa za kinyozi. Nyumba zote zipo. Kinyozi anakusalimu."

Barua ya tatu ilisomwa, na ya nne. Watu mtaani wakaanza kuulizana barua inasemaje. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu wiki ya tano tangu barua ya kwanza Bi Cheche naye aliandika barua. Aliiandika mchezoni, kwa sauti yake ya birika, kwa fundi mmoja mwanamke anayejua kila kitu, na kalamu ikamlipukia mkononi.

Jumatatu yake, darasa zima lilimpokea Fyuzi kwa kuimba, "Cheche, andika barua! Cheche, andika barua!"

Alirudi nyumbani na fomu ya kubadili somo. Ilitakiwa irudishwe Jumatatu inayofuata, na sahihi ya mlezi. Aliiweka juu ya meza, katikati ya koleo na makopo ya skrubu.

"Unahamia wapi?" shangazi aliuliza.

"Upishi."

"Unapenda kupika?"

"Hapana."

"Nimekula chakula chako, mwanangu. Nitawaombea watakaokula."

"Shangazi, mimi sitanii! Barua zako ndizo zinazoniponza. Ungenyamaza wangechoka wenyewe."

Shangazi aliisoma fomu mbele na nyuma. Nyuma ilikuwa tupu. "Nitatia sahihi Jumatatu asubuhi," alisema. "Mimi si wa kukushikia bisibisi mkononi kwa nguvu. Wewe ijaze tu." Kisha akarudia kazi yake. Mtangazaji akasema habari za jioni, wasikilizaji, na kwa mara ya kwanza tangu Fyuzi amjue, shangazi hakumjibu. Fyuzi angependa zaidi kama angegombezwa.

Ijumaa baada ya shule aliingia mtu mwembamba, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, amebeba redio ndani ya kikapu cha sokoni na kuifunika kitambaa kama mtu anayetorosha kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Imenyamaza. Si mimi. Ni mke wangu. Ni mwanamke wa kugusagusa vitu, yule. Unajua tena."

"Sijui," shangazi alisema. "Fyuzi, fungua hii."

Fyuzi hakutaka, lakini mikono yake ilikuwa na mazoea yake. Akafungua. Kwanza yalitoka mafuta ya kupikia, mazito, yamekwishashika vumbi. Chini ya mafuta zilikuwapo betri nne, zote zimelazwa kichwa upande wa miguu. Kando ya betri kulikuwa na kijiko cha chai.

"Hiki nini?" Fyuzi aliuliza.

"Kijiko."

"Naona ni kijiko. Kinafanya nini humu?"

"Betri zilikuwa zinalegea, nikaona... akaona, mke wangu, azibane. Na kile kitufe cha sauti kilikuwa kinakwaruza, akaona akilainishe."

"Kwa mafuta ya kukaangia."

"Yalikuwa mapya."

Shangazi akachukua tochi. "Hapa tuna sheria. Aliyeigusa ndiye anayemulika. Kamlete mkeo."

"Hayupo."

"Tutamsubiri. Amekwenda wapi?"

Yule mtu alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Sijaoa, mama," alisema.

 Shangazi akampa tochi, naye akakaa kigodani, akamulika kwa unyenyekevu mkubwa. Fyuzi akafuta mafuta, akakuta waya mmoja umekatika, akapasha moto chuma cha lehemu. Alikuwa anamaliza pale mgeni alipotaka kusaidia. Alinyoosha mkono akisogeze kile chuma pembeni, akakishika upande usioshikwa.

"UWIII, JAMANI, INATOA MOSHI!"

Sauti ilikuwa nyembamba, ya birika, na hapakuwa na mtu mtaani asiyeijua. Kinyozi aliingia mbio na wembe mkononi. Nyuma yake mteja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Nyuma yao fundi cherehani na futi yake shingoni.

"Bi Cheche yuko humu!" kinyozi alipiga kelele. "Yuko wapi? Nimemsikia!"

Waliokuwemo chumbani walikuwa shangazi, Fyuzi, na mwanaume mmoja aliyetumbukiza vidole kwenye kopo la maji, uso umemwiva kama pilipili.

"Rudi ukamalize kichwa cha watu," shangazi alimwambia kinyozi, akafunga mlango.

Fyuzi alikuwa amesimama. Alihisi ule moyo wake mwepesi unataka kukatika, lakini kilichomtoka kilikuwa swali. "Kwa nini umemfanya mwanamke?"

"Nilianza na sauti," yule mtu alisema, akiyaambia maji ya kopo. "Ukitoa sauti kama hii watu wanacheka kabla hujasema kitu. Halafu nikakosa cha kumpa afanye. Mimi sijui mambo ya wanawake, nakaa peke yangu. Nikampa ninayoyafanya nyumbani."

"Ile pasi?"

"Yangu."

"Na balbu?"

"Paa lilibaki. Pazia ndilo liliungua."

"Na kalamu?"

Akaonyesha doa la wino mfukoni mwa shati.

Hapo Fyuzi alicheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, akashikilia mguu wa meza.  Shangazi alikuwa anamtazama, na kama kuna kitu alikiomba wakati ule, aliomba kimoyomoyo.

"Sasa hivi umenichekesha kuliko Jumamosi zote," Fyuzi alimwambia mgeni alipopata pumzi. "Na hukuwa na mke hata mmoja. Wewe unacheza, unarudi nyumbani. Mimi Jumatatu naingia darasani nikiwa Cheche, na sijawahi kuunguza hata pazia."

 Yule mtu aliuliza, kwa sauti yake halisi, ambayo ilikuwa nzito na ya huzuni kidogo, kama anaweza kuelezwa betri zinalala vipi, kwa sababu kwa kweli hakuwahi kuelewa.

Fyuzi akatafuta karatasi. Iliyokuwepo mezani ilikuwa moja. Akaigeuza upande mtupu, akachora redio kwa ndani: betri hizi hapa, kichwa huku, mguu huku, waya huu unakwenda spika, kijiko hakiingii popote. Akaandika kwa herufi kubwa MAFUTA NI YA CHAKULA. Mgeni akaikunja kwa heshima, akaitia mfukoni upande usio na wino, akaondoka na kikapu chake.

Kesho yake karakana ilijaa watu kuliko kawaida, maana kinyozi alikuwa amekwishautangazia mtaa. Mchezo ulipoanza, mume ndiye aliyelainisha redio kwa mafuta, na mume ndiye aliyetia kijiko. Bi Cheche alikitoa, akamweleza betri zinalala vipi, na alieleza sawasawa, mpaka neno la mwisho. Mume akapiga ukelele. Kusema kweli hakuupiga vizuri, na wiki ile mchezo haukuchekesha sana.

"Mume gani huyu sasa?" bwana mmoja alilalamika.

"Mbona namjua?" alisema mama wa mkaa. "Mimi wa kwangu hutia uma."

Jumatatu asubuhi shangazi aliweka kalamu mezani. "Lete fomu nitie sahihi."

"Anayo Bi Cheche," Fyuzi alisema.

"Si utaomba nyingine?"

"Zimekwisha."

Hazikuwa zimekwisha, na wote wawili walijua. Fyuzi alifunga viatu vyake vilivyopinda, akaenda kwenye somo la umeme. Siku ile waliimba tena, ila si wote. Wakati wa mapumziko mmoja wa waimbaji alimfuata nyuma ya darasa, akamwomba amtazamie redio ya nyumbani, na asimwambie mtu, kwa kuwa kulikuwa na kijiko.

Shangazi aliendelea kuwaandikia watu wa redio, miaka kwa miaka, maana redio haikuishiwa wanawake wa kuchekwa. Tangazo la sabuni pekee lilimpa barua tisa. Fyuzi alimaliza shule, akamaliza chuo, akarudi mezani, na wateja waliomwuliza fundi yuko wapi aliwapa tochi.

Shangazi alipougua, alilazwa katika wodi ndefu yenye madirisha makubwa, na Fyuzi alikaa naye kila asubuhi. Feni ya dari juu ya kitanda ililia kwa kila mzunguko. Asubuhi ya mwisho daktari kijana, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliitazama feni ile, akakunja mikono ya koti lake, akaomba ngazi. Shangazi, ambaye tangu jana hakuwa amesema neno, alimshika Fyuzi kifundo cha mkono, akamvuta hadi sikio likafika mdomoni.

"Panda wewe, mwanangu," alisema. "Huyu asiiguse. Anaonekana msomi, ataitia kijiko."