Mpiga Tuba wa Kibaoni

Mpiga tuba wa Kibaoni ana mashavu yasiyopungua hata akiwa kanisani amenyamaza, na kila anaposhika lile tarumbeta lake kubwa hulifuta kwanza kwa kipande cha khanga. Mwaka 1956, santuri za nyimbo alizotunga mwenyewe na kurekodi na wenzake zilipowasili kwa lori baada ya kuzingoja miezi minane, alipeleka moja kwenye gramafoni ya Yosefina muuza chai. Ngoma zilisikika, gitaa likasikika; tuba halikusikika. Aliinama mpaka sikio likagusa pembe ya gramafoni.

“Shemeji, mbona wewe humo?” Yosefina aliuliza.

“Nimo.”

Wateja walicheka. Akaenda nyumbani, akarudi na tuba, akaomba santuri irudiwe, akapuliza sehemu yake mwanzo mpaka mwisho. Siku hizi, ukinunua santuri yake, umwandalie na kiti.